Nchi zinazoelea angani: Riwaya za ajabu tulizozifungia darasani

Na Mwandishi Wetu

Kijana Dzombo amehukumiwa kifo. Kosa lake ni kusema yale ambayo wakubwa wa nchi yake hawataki yasemwe. Hawamnyongi wala hawampigi risasi. Wanamtia ndani ya chombo cha kusafiria angani, wanafunga mlango, wanakirusha. Kwa hesabu yao hukumu imekwisha, kwani waliotiwa humo kabla yake hawakuonekana tena.

Dzombo hakai kungoja kufa. Anaikagua mitambo, anahangaika nayo mpaka anaielewa, na mwisho anatua mahali ambapo ramani za kwao hazijapata kupaonyesha. Huko anakuta jamii iliyojengwa juu ya usawa, isiyomjua bwana wala mtwana.

Msomaji ambaye hajakutana na kisa hiki atadhani ni filamu mpya ya Marekani au katuni ya Kijapani. Ni riwaya ya Kiswahili. Inaitwa *Walenisi*, ilichapishwa Nairobi mwaka 1995, na mwandishi wake ni marehemu Katama Mkangi, mwanasosholojia kutoka Pwani ya Kenya. Mkangi alikuwa miongoni mwa wasomi waliowekwa kizuizini na serikali ya Kenya mwaka 1986. Aliposimulia habari za mtu anayefungiwa ndani ya chuma kwa sababu ya mawazo yake, alijua anachokisema.

Sasa kaa na kundi lolote la vijana wanaopenda visa vya ajabu, Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, uwaulize wanasoma na kutazama nini. Watakutajia *Harry Potter*. Watakutajia *One Piece*, katuni ya Eiichiro Oda iliyoanza kutoka mwaka 1997. Watakutajia *Black Panther* na ufalme wake wa Wakanda. Wanavijua visa hivyo sura kwa sura, na wanabishana juu yake mpaka usiku wa manane. *Walenisi* haitajwi.

Siwalaumu, maana mimi ni mmoja wao. Nimesoma vitabu vya aina hii kwa uchu tangu shule ya msingi, vya lugha yoyote niliyoweza kuisoma, na mpaka leo nikishika riwaya inayoanza na nchi isiyokuwapo duniani, silali. Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Kiswahili kina riwaya za ajabu zinazoweza kusimama mbele ya za taifa lolote, na sisi wenyewe tumezifungia darasani. Upande wa katuni ndiko tulikozembea zaidi.

Mfu aliyelinda kisima

Mapenzi ya visa vya ajabu hayakuletwa kwetu na televisheni. Chukua habari za Fumo Liyongo, shujaa wa mwambao wa kaskazini, ambazo Muhamadi Kijumwa wa Lamu alizitungia utendi mwaka 1913. Liyongo ni pande la mtu. Mfalme anamwogopa, anamtia gerezani kwa minyororo. Mama yake anampelekea mkate wa wishwa, mkate wa makapi ambao walinzi hawawezi kuutamani, na ndani yake mna tupa. Usiku ngoma inarindima, watu wanaimba tungo alizowafunza Liyongo mwenyewe, na kelele zao zinafunika sauti ya tupa ikila chuma.

Halafu unakuja mwisho wake. Mwili wa Liyongo hauingii silaha, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Adui wanamrubuni mwanawe wa kumzaa, wanamwahidi cheo na mke, naye anamchoma baba yake usingizini. Liyongo anazinduka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta mshale, na roho inatoka akiwa katika hali hiyo hiyo.

Watu wanamwona kwa mbali, na hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Mji unashikwa na kiu. Mama yake anaitwa aje ambembeleze, naye anasimama mbali akimsihi mwanawe, asijue kwamba anazungumza na maiti. Ni mpaka mwili unapoanguka wenyewe ndipo watu wanapogundua kwamba siku zote hizo walikuwa wakimwogopa mfu.

Nimesoma katuni nyingi za mashujaa wa Marekani, na kurasa zenye nguvu kama tukio hilo ni za kuhesabu. Halihitaji chochote zaidi ya mchoraji na ukurasa mzima: mitungi mitupu upande huu, kisima upande ule, katikati goti lililopigwa, uzi wa upinde uliovutwa na jicho lisilopepesa.

> Walikuwa wakimwogopa mfu, na mji mzima ukashikwa na kiu.

Liyongo hayuko peke yake. Utenzi wa *Rasi 'lGhuli* wa Mgeni bin Faqihi una zaidi ya beti 4,000, umejaa vita, majitu na majini. Visa vya *Alfu Lela U Lela* vilitafsiriwa kwa Kiswahili zama za ukoloni vikasomwa majumbani, na mwaka 1940 Alice wa Lewis Carroll aliingia kwetu kwa jina la Elisi, katika kitabu *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*. Lugha ilikuwa tayari, na wasomaji pia.

Karama mbele ya baraza

Mwaka 1951 Shaaban Robert, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alitoa *Kusadikika*. Nchi ya Kusadikika haikai ardhini. Inaelea hewani, na mipaka yake ni pepo. Katika baraza la nchi hiyo waziri Majivuno amemshitaki kijana Karama kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wawili kati yao wakielekea juu mbinguni na chini ardhini, ili walete mambo ya manufaa. Waliporudi na hayo waliyoyaona, walitupwa gerezani.

Mweke mwandishi huyo mahali alipokuwa: ofisi ya mkoloni, mshahara wa mkoloni, sheria ya mkoloni. Asingeweza kuandika gazetini kwamba serikali inawafunga wanaoleta maarifa. Akajenga nchi hewani, akayasema yote humo, na kitabu kikachapishwa na kampuni ya Uingereza. Hiyo ndiyo kazi ambayo riwaya ya ajabu huifanya kuliko riwaya nyingine yoyote: inaweza kumkalisha mtawala kitako asikilize mashitaka yake bila kujua kwamba ni yake.

Mwaka uliofuata ikaja *Adili na Nduguze*, ambamo ndugu wawili waovu wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku huku machozi yanamtoka. *Kufikirika* ilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki.

Baada ya hapo mkondo ulipungua nguvu. Uhuru ulikuwa umepatikana, Azimio la Arusha likatangazwa mwaka 1967, na fasihi ikapewa kazi ya kujenga taifa. Waandishi wengi waligeukia kijiji, kiwanda, mji na dhuluma zake. Hata Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, aliyeipa moja ya riwaya zake jina la *Kisima cha Giningi*, mahali ambapo masimulizi ya huko yanasema wachawi hukutania, alimkabidhi mambo mpelelezi Bwana Msa, mtu wa kiko na akili, ambaye kazi yake ni kumtafuta binadamu nyuma ya kila kivuli. Ni riwaya nzuri sana. Ila mlango wa ajabu ndani yake unafunguliwa ili ufungwe.

Kezilahabi avunja ukuta

Aliyeufungua tena mlango huo kwa kishindo ni Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Alikuwa amekwisha kupata jina kwa riwaya za uhalisia, *Rosa Mistika* na *Kichwamaji*, na kwa mashairi huru yaliyowaudhi washairi wa vina na mizani. Mwaka 1990 akatoa *Nagona*, na mwaka uliofuata *Mzingile*.

Kwa msomaji aliyezoea riwaya yenye kijiji, mwenyekiti na mhuni mmoja, *Nagona* ni mshituko. Msimulizi anasafiri katika mji uliokufa. Anaingia katika jengo lenye ukimya, na humo anawakuta Plato, Hegel, Darwin, Marx, Freud na wenzao, kila mmoja kazama kitabuni. Hakuna anayeinua kichwa. Fikra zote zilizoitikisa dunia zimekaa chumba kimoja, na chumba hakina sauti. Nilipolisoma tukio hilo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatoka nje kutembea, kwa sababu sikujua kwamba Kiswahili kinaruhusiwa kufanya hivyo.

Baada ya riwaya hizo za Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, wengine walipita palepale. William Mkufya alitoa *Ziraili na Zirani* mwaka 1999, riwaya inayothubutu kuhamishia vita vyake ahera. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alitoa *Babu Alipofufuka* mwaka 2001: mkubwa mmoja anayekula nchi anatembelewa na babu yake aliyekwisha kuzikwa, na babu hana haraka ya kurudi kaburini. Mwaka 2002 Kyallo Wamitila wa Kenya akatoa *Bina-Adamu!*, ambamo msimulizi anazunguka mabara akimsaka kiumbe anayeitwa P.P., na wakati fulani msomaji anang'amua kwamba huyo ni Peter Pan, yule mtoto wa hadithi za Kiingereza aliyekataa kukua, sasa kageuka dhalimu anayechezea dunia nzima.

Wamitila amemchukua mhusika wa fantasia ya Uingereza, kipenzi cha watoto, akamhukumu kwa Kiswahili. Ni ubunifu wa hali ya juu, na nasema hivyo nikiwa nimesoma vingi vya kulinganisha navyo.

Fani, maudhui na usingizi

Sasa tufike kwenye tatizo. Vitabu hivi vinasomwa wapi?

*Kufikirika* imesomwa kwa miaka mingi kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania. Aliyepita huko anakumbuka utaratibu: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo. Kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwanafunzi ananunua mwongozo, anakariri hoja, anaingia chumba cha mtihani. Wapo wanaofaulu vizuri pasipo kulifungua jalada la kitabu chenyewe. Nchi nzima imebuniwa kwa ajili yao, mfalme, waganga, hofu na tumaini, na wao wanaijua kwa vichwa vya habari vyake tu.

Walimu wana hoja yao, na ni nzito. Shule ndiyo iliyomweka Shaaban Robert hai. Bila orodha ya vitabu vya mitaala, mchapishaji gani angeendelea kumpiga chapa mwandishi aliyefariki mwaka 1962? Mwalimu mwenye darasa lililofurika, nakala chache na mtihani wa taifa mbele yake hana nafasi ya kukaa na wanafunzi wakishangaa pamoja namna nchi inavyoweza kuelea. Anawapa kitakachowavusha.

Nalikubali hilo, lakini nasisitiza kwamba mtoto aliyekutana na kitabu kwanza kama swali la mtihani ni vigumu kukirudia akiwa mtu mzima. Riwaya ya ajabu inaumia zaidi ya nyingine zote, kwa kuwa raha yake imo katika kutojua kinachokuja. Ukimwambia msomaji mapema kwamba nchi hii inawakilisha ukoloni na waziri yule ni kiburi, umekwisha kumla samaki ukamwachia miiba.

> Wapo wanaofaulu vizuri pasipo kulifungua jalada la kitabu chenyewe.

Hofu ya majini na uchawi

Wapinzani wa vitabu hivi ni wa aina mbili. Wa kwanza wanasema ni porojo: nchi ina njaa, rushwa na ukosefu wa ajira, na mwandishi anatuletea maiti wanaotembea. Hao wanajibiwa na vitabu vyenyewe. *Babu Alipofufuka* ni riwaya ya rushwa. *Walenisi* ni riwaya ya dhuluma. Kuhusu *Nagona* wana haki kidogo, kwa maana ni kitabu kigumu, na anayempa msomaji mchanga *Nagona* kama mlango wa kuingilia anamfukuza. Aanze na *Walenisi*.

Wa pili wanastahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Ni wazazi na viongozi wa dini wanaosema: katika jamii zetu, majini na uchawi si mchezo wa kalamu. Vikongwe wameuawa Shinyanga na Mwanza kwa kutuhumiwa uchawi. Wazee wameuawa Kilifi kwa tuhuma hizo hizo. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani kwamba vinaleta utajiri. Katika hali hiyo, kwa nini tumlishe kijana hadithi za mauzauza?

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba hadithi inayojitangaza kuwa ya kubuni haijampeleka mtu kushika panga. Kinachoua ni uvumi unaouzwa kama kweli: mtu anayeapa kwamba amemwona jirani yake usiku, mganga anayetaja jina, kichwa cha habari kinachotangaza ushirikina bila kuuliza swali. Riwaya nzuri ya ajabu hufanya kinyume chake. Tangu ukurasa wa kwanza inakubaliana na msomaji kwamba haya yamebuniwa, na kwa kukubaliana hivyo inamzoesha kupambanua kisa na ushahidi. Kijana aliyesoma *Babu Alipofufuka* hatoki nje kutafuta maiti aliyefufuka. Anatoka akimtazama upya mkubwa anayekula nchi.

Mzazi mwenye hofu hiyo ningemwomba akisome kitabu kwanza, yeye mwenyewe, kisha aamue.

Katuni: kicheko kingi, ajabu haba

Upande wa katuni hali ni nyingine. Wachoraji hodari tumekuwa nao siku zote. Wasomaji wa gazeti la *Uhuru* walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory tangu miaka ya 1960. Miaka ya 1980 jarida la *Sani*, la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliwapa Watanzania Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wahusika waliotoka mkononi mwa Philip Ndunguru, kijana aliyefariki mwaka 1986 kabla nchi haijamaliza kumfurahia. Kenya ilimsoma Juha Kalulu wa Edward Gitau katika *Taifa Leo*.

Hao wote ni watu wa mtaani: mlevi, mvivu, mjanja, juha. Wachoraji wetu walituchora jinsi tulivyo, na walituchora vizuri. Waliochora yale yasiyokuwapo ni wachache mno.

Mmoja ni Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya miaka ya 1960, ambaye katika mfululizo wa *Pichadithi* alizitia masimulizi ya kale katika michoro. Humo alimchora Lwanda Magere, askari wa Kijaluo mwenye mwili wa jiwe. Mikuki inamgonga na kudunda, mpaka adui wanapomwoza binti yao, naye anavumbua kwamba uhai wa mumewe umo katika kivuli chake. Weka kisa hicho kando ya kile cha Liyongo uone: Kisumu na Lamu ziko mbali, lakini shujaa wa kote kuwili hashindwi vitani. Anauzwa na mtu wa nyumbani kwake anayeijua siri ya mwili wake. Hapo mchoraji ana kazi ya maisha.

Mwingine ni Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kuwa kwao. *Akokhan* yake, iliyotoka katika magazeti ya Nairobi, ni uhasama wa watu wenye nguvu za kimiujiza uliochorwa kwa ustadi ambao hadi leo haujapata mrithi. Odoi alifariki mwaka 2012 katika ajali ya matatu, basi dogo la abiria.

Wakati sisi tukisitasita, wenzetu walichota kwetu. Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ya New York ilimtambulisha Storm, mwanamke anayeamuru mvua na radi, na mahali walipomweka akiabudiwa ni Kenya. Zaidi ya nusu karne sasa vijana wetu wanamsoma mungu huyo wa mvua wa Kenya kwa Kiingereza.

Wasomaji wapo

Nimesikia mara nyingi kwamba vijana hawasomi, na kwamba ajabu kwa Kiswahili haina soko. Yote mawili si kweli.

Mwaka 2010 jarida la katuni la *Shujaaz* lilianza kutolewa bure Kenya, likisafiri ndani ya gazeti na kupitia vibanda vya mitaani, kwa Sheng ya vijana wenyewe. Lilisomwa kwa wingi, likashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy, na baadaye likavuka mpaka kuingia Tanzania. Mhusika wake mkuu, kijana anayeendesha redio ya siri, hana nguvu za kimiujiza, lakini jarida hilo lilithibitisha kwamba katuni ikimfikia kijana kwa lugha yake, ataisoma.

Ushahidi mwingine uko vibanda umiza, kumbi ndogo za mitaani za kuonyesha filamu. Kwa miaka mingi watu wa Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania wamelipa kiingilio kutazama filamu za kigeni zilizotiwa sauti ya Kiswahili na watafsiri kama Lufufu, ambao hawakutafsiri tu. Walisimulia, waliongeza, walimpa jitu la Kichina matusi ya Manzese. Ukumbi ulijaa. Watu hao walikuwa wakinunua fantasia kwa Kiswahili, kwa fedha yao, jioni baada ya jioni, na hakuna mchapishaji aliyekaa mlangoni kuwahesabu.

> Walimpa jitu la Kichina matusi ya Manzese, na ukumbi ulijaa.

Fedha, bila shaka, ni kikwazo cha kweli. Katuni inachukua miezi ya mchoraji ambaye lazima ale. Uchapaji wa rangi ni ghali. Kenya ilipoweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya vitabu mwaka 2013, kitabu cha kujisomea ndicho kilichoumia, maana mzazi mwenye fedha ya kitabu kimoja hununua cha shule. Mchapishaji anayekimbilia mitaala anatafuta namna ya kuishi.

Lakini milango ipo. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, iliyotoa washindi wake wa kwanza mwaka 2015, imewaalika waandishi walete riwaya, ushairi, wasifu na hata riwaya za picha. Orodha ya washindi imejaa riwaya na diwani. Tanzania nayo imeanzisha Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyokabidhiwa mara ya kwanza Aprili 2023. Mwandishi mmoja na mchoraji mmoja wakikaa meza moja na kisa cha Liyongo, wana pa kuupeleka mswada wao.

Nina maombi matatu. Kwa wachapishaji wenye haki ya *Walenisi*, *Babu Alipofufuka* na *Bina-Adamu!*: vitoeni upya vikiwa vitabu vya kusomwa kitandani, jalada limchore Dzombo ndani ya chombo chake, na nyuma msiweke maswali. Kwa walimu: kabla ya dhamira na migogoro, toeni kipindi kimoja mkasome kwa sauti, mwanzo mpaka kengele ilie, bila kuuliza chochote.

Na kwako msomaji. Majarida ya katuni yalichapwa kwenye karatasi duni, na mengi yameishia kufungia karanga na vitumbua. Kama una nakala za zamani za *Sani*, za *Pichadithi*, au magazeti yenye *Akokhan*, ziko chini ya kitanda au kwenye sanduku la marehemu mzee, usiziuze kwa kilo. Zipeleke Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, au maktaba ya mji wako, uombe zitunzwe. Wachoraji wa kesho hawatakuwa na pa kujifunzia zikipotea.